Mwaka wa Sukari ya Mawe

Habari ya kufa kwa Rayya ilinikuta nikichambua mchele kwenye baraza la nyumba yetu hapa Kibenga. Aliyepiga simu alikuwa binti yake, kutoka Maskati, sauti ya mtu mzima ambayo sikuwahi kuisikia, na Kiswahili chake kilikuwa kimelowa Kiarabu kiasi kwamba ilibidi arudie. Alisema mama yake aliugua figo, kwamba wameshamzika, na kwamba amekuta namba yangu katika simu ya marehemu, akaona si vizuri kuninyamazia. Nilimpa pole, nikamshukuru, nikarudi kwenye ungo wangu. Sikulia. Kwa miaka mingi Rayya na mimi tulitumiana salamu za Idi na za Noeli, maneno machache ya kujua kwamba mwenzako bado yuko, na zaidi ya hapo hakuna. Lakini mchele ule niliuchambua na kuuchambua tena, mpaka mume wangu akatoka ndani kuniuliza kama leo tunakula au hatuli. Ni mwaka mmoja tu nilioishi karibu na Rayya, mwaka wa mwisho wa masomo yangu ya kemia, na katika mwaka huo kazi yetu ilikuwa kupima namna punje za sukari zinavyokua ndani ya maji mazito ya sukari. Watu wengine wa umri wangu wakikumbuka ujana hukumbuka dansi na wachumba. Mimi naona safu za vyupa.

Nilikuwa napanga chumba katika mtaa wa Musaga, chumba cha dirisha moja lililoangalia ukuta wa jirani, na nilikuwa nimechagua kuandika kazi yangu ya mwisho juu ya ukuaji wa fuwele, zile punje ngumu zinazojijenga ndani ya maji. Mtambo wa maabara wa kushika joto la maji uliungua kabla mwaka haujashika kasi, na kipuri chake kikawa kinangojwa kutoka Ulaya. Profesa Damasi, aliyekuwa ananisimamia, aliniambia kwa upole wake wa kila siku kwamba Ulaya ni mbali na mwaka ni mfupi, kwa hiyo nitafute fuwele pengine. Mwanafunzi mwenzangu ndiye aliyenitajia nyumba ya Mzee Seif, katika mtaa wa Waarabu na Wahindi, ambako walitengeneza sukari ya mawe, ile ngumu inayong'aa kama kioo, ambayo wao waliiita nabati na ambayo watu waliinunua kwa harusi, kwa kahawa, na kwa wanawake waliotoka kujifungua. Nilikwenda siku ya Jumatatu. Mbele kulikuwa na duka la vyombo, katikati ua wenye saruji iliyopasuka, na nyuma kabisa chumba kirefu chenye rafu za mbao kutoka chini hadi darini. Kwenye rafu kulikuwa na vyupa vikubwa vya kioo, na ndani ya kila chupa nyuzi zilizoning'inia kwenye kijiti, zimeshika punje. Harufu yake ilikuwa nzito na tamu, na baada ya muda ilikaa kooni.

Mzee Seif alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kofia kichwani, akisugua chupa tupu kwa kitambaa.

"Unataka kujifunza kutengeneza nabati?" aliniuliza.

"Apana, mzee. Nataka kuhesabu namna inavyokua."

"Inakua yenyewe. Mwenyezi Mungu anaikuza, mimi nangoja tu."

"Basi nataka kujua kwa nini mzee unangoja siku nyingi hivyo."

Alicheka, akaweka chupa chini, akageukia ua. "Rayya! Njoo umsikilize huyu. Ameuliza swali ambalo nimelikimbia tangu ujana."

Rayya alikuwa wa umri wangu, mwembamba, mwenye nyusi nzito zilizomfanya aonekane amekasirika hata akiwa anafurahi. Alikuwa amemaliza sekondari na kukaa nyumbani, na chumba kile cha nyuma ndicho kilichokuwa kazi yake. Babaake alikuwa amemwambia mbele ya watu kwamba siku atakapochoka, vyupa vitakuwa vya Rayya. Nilimweleza hesabu yangu tukiwa tumeketi jikoni, mbele ya sahani ya wali na samaki wa mukeke wa kukaanga. Nilimwambia: ukiyeyusha sukari katika maji ya moto mpaka yakatae zaidi, halafu ukayaacha yapoe bila kuyagusa, yanabaki yamebeba sukari kuliko uwezo wake, na yanatafuta pa kuitua. Ukiyapa uzi wenye chembe, yataitua pale. Lakini sukari lazima isafiri. Karibu na punje maji yametulia, ni kama utando mwembamba, na sukari inaupita polepole. Sukari iliyozidi ndiyo inayosukuma, na unene wa utando ndio unaochelewesha. Ukiyajua hayo mawili, unaweza kusema mapema punje itanenepa kiasi gani kwa siku.

"Kumbe ni kama soko siku ya kuamkia sikukuu," Rayya alisema. "Nje watu wamejaa, ndani kuna nafasi, mulango ni mumoja."

"Ni hivyo."

"Na we unataka kupima mulango."

Tangu siku ile tulifanya kazi pamoja. Asubuhi nilikuwa na masomo, kwa hiyo Rayya alipima asubuhi na mimi nikapima jioni. Tulikuwa na kipimo cha mafundi wa chuma, kile chenye meno mawili ya kubana, na mizani ndogo ya dhahabu tuliyoazimwa na sonara wa mtaa. Namba zake Rayya alikuwa anaziandika kwa chaki ukutani, juu ya rafu, mimi nikifika nazinakili. Mwandiko wake ulikuwa wa kulala upande, kama nyasi zilizopigwa na mvua. Nikifunga macho leo, chumba kile nakiona kuliko vyumba vingi nilivyokaa miaka mingi: joto lake, nzi waliokuwa wanagonga kioo, namba nyeupe zikipanda ukuta hadi mahali ambapo Rayya alilazimika kusimama juu ya kreti.

Mchana nilikula kwao. Shangazi yake, Bi Zuwena, ndiye aliyeshika jiko, na hakukubali mtu aingie nyumba ile na kutoka na njaa. Kulikuwa na ndagala, dagaa wa ziwani, za nazi, sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa na mafuta ya mawese, biringanya, na Ijumaa pilau. Mimi niliyezoea ugali na mboga za lengalenga za Musaga nilinenepa, na mwenye nyumba wangu akaanza kunitazama kwa mashaka. Jikoni pale ndipo niliposikia mambo ya nyumba, kwa kuwa ukuta kati ya jiko na sebule haukufika darini. Mchana mmoja tulikuwa tunaosha vyupa, Rayya na mimi, kaka yake mkubwa Hamed akaingia sebuleni na baba yao.

"Baba, duka limejaa, mali iko nje kwenye ua, na chumba kizima kimekaliwa na vyupa," Hamed alisema. "Wenye maduka wanataka mzigo kila wiki. Nabati yetu inachukua zaidi ya wiki mbili. Wanakwenda kununua ile ya katoni."

"Tuongeze vyupa."

"Tuviweke wapi? Hakuna ukuta uliobaki."

Hamed akapunguza sauti, na kwa haki niseme kwamba haikuwa sauti ya mtu mbaya. "Ikiweza kutoka kwa wiki moja, mi mwenyewe nitakujengea rafu. Isipoweza, nipe chumba niweke vigae. Na watu wa Maskati wanangoja jibu la posa ya Rayya. Hatuwezi kuwanyamazia mwaka mwingine."

"Yule musichana wa chuo anahesabu," alisema Mzee Seif. "Tungoje amalize."

Rayya alikuwa ameshika chupa mikononi, maji yanamwagika kwenye miguu yake. Aliiosha mpaka mwisho, akaigeuza juu ya kitambaa, akachukua nyingine. Mimi nilielewa siku ile kwamba hesabu niliyoichagua kwa sababu mtambo wa maabara uliungua ilikuwa sasa inangojewa na nyumba nzima.

Na hesabu haikukubali. Kwa karatasi yangu, punje zilipaswa kujaza uzi kabla ya wiki kwisha. Kwenye vyupa zilichukua muda uleule ambao Mzee Seif alikuwa akiungoja maisha yake yote. Nilimpelekea Profesa Damasi, akatazama, akasema ama hesabu ni mbovu ama vipimo ni vibovu, na akanirudishia karatasi. Hesabu nilikuwa nimeirudia mara nyingi. Basi nilirudi nyumba ile nikamwuliza Rayya kama ana hakika na namba zake za asubuhi.

"Unafikiri sijui kusoma kipimo?"

"Nauliza tu."

"Apana, huulizi. Chukua kipimo. Jumamosi uje asubuhi, upime we, halafu mi nipime bila kuona zako."

Nilikwenda. Tulipima vyupa vyote vya rafu ya kati, kila mmoja akiandika upande wake, na tulipolinganisha, namba zake na zangu zilikuwa ndugu. Hakucheka wala hakunisimanga. Alisema tu, "Basi hesabu yako ndiyo inadanganya. Itafute."

Niliitafuta kwa majuma. Kama utando wa maji ndio kikwazo, nilifikiri, tukikoroga utando utakuwa mwembamba na sukari itafika upesi. Tuliunganisha injini ya feni ya mezani na kijiti, tukakoroga polepole. Punje zilikua upesi kidogo. Tukaongeza mwendo, zikabaki palepale. Tukaongeza tena, na asubuhi yake Rayya alikuta maji yamekuwa kama maziwa, unga mweupe umelala chini ya chupa, na nyuzi hazina faida. Mzee Seif alikuja akainama, akatazama, akaagiza chupa irudishwe motoni. Niliketi kwenye kreti nikitazama ule unga, na ndipo nilipoona jambo ambalo vitabu vilikuwa vimenieleza na sikuwa nimelisikia. Kulikuwa na milango miwili. Sukari ilikuwa inafika kwenye punje vizuri tu, lakini ikifika haikai mara moja. Lazima ijipange, kila chembe ipate nafasi yake kwenye uso wa fuwele, na huko ndiko kulikokuwa na foleni. Kukoroga hakusaidii watu ambao wameshaingia na wanatafuta pa kukaa. Kinachowasaidia ni joto.

Nilimwambia Rayya, akanivuta mkono hadi jikoni. Juu ya jiko la mkaa la shangazi kulikuwa na rafu ya sufuria, na rafu ile ilikuwa na joto mchana kutwa.

"Jiko langu si maabara," alisema Bi Zuwena.

"Shangazi, ni vyupa vitatu tu."

"Vitatu leo. Kesho nitapikia wapi, kichwani kwako?"

Alikubali kwa sharti kwamba nitamtwangia bizari zake kila nikifika, na kwa mwezi mzima nilirudi Musaga nikinuka bizari. Vyupa vile vilikwenda upesi kweli. Rayya alikuwa anapanda kwenye stuli na kipimo chake, akitaja namba kwa sauti, na ukutani zile namba mpya zilipita za zamani. Siku hizo alianza kuzungumza juu ya rafu za chuma, juu ya chumba chenye jiko lake, juu ya kumwandika kazi binti wa jirani. Tuliongeza joto zaidi. Hapo maji yakageuka rangi ya chai, na Mzee Seif alipoonja punje moja aliitema mkononi kwa adabu. "Hii si nabati, binti yangu. Hii ni sukari guru iliyosoma." Tukashusha joto hadi pale ambapo punje inabaki kama kioo. Nikahesabu upya, sasa nikiweka milango yote miwili ndani ya hesabu moja, na safari hii karatasi na chupa vilikubaliana. Nilijaribu kila kitu ambacho hesabu iliruhusu: sukari zaidi, uzi mwembamba, kukoroga kidogo pale joto lilipofungua mlango wa pili. Ukigusa hiki, unga unaanguka. Ukigusa kile, rangi inaharibika. Upesi kuliko siku kumi haikuwezekana.

Alhamisi nilimkuta Rayya uani, anaanika nguo. Aliendelea kuanika wakati anazungumza.

"Kesho baba atakuuliza."

"Najua."

"Sikuombi useme uongo. Sema tu haujamaliza kuhesabu."

"Nimemaliza, Rayya."

"Nani anajua umemaliza? We na mi." Alikung'uta shuka, akalitupa juu ya kamba. "Nikipata mwaka mumoja, Hamed atachoka, na wale wa Maskati watatafuta mutu mwingine. Mwaka mumoja, Goreti."

Nilimsaidia kubana shuka, upande wangu na upande wake, na niliporudi chumbani kwangu nilipika, nikala, nikalala. Nimewahi kusikia watu wakisimulia kwamba kabla ya jambo kubwa hawakupata usingizi. Mimi niliupata.

Ijumaa, baada ya swala, Mzee Seif alituita wote kwenye meza ya sebuleni, jambo ambalo halikuwa kawaida. Mimi nilizoea kula jikoni na wanawake. Hamed alikuwepo. Pilau ilipakuliwa, tukala kidogo, kisha mzee akanigeukia.

"Haya, binti yangu. Nabati inaweza kutoka kwa wiki moja?"

Rayya alikuwa anatazama sahani yake.

"Apana, mzee. Siku kumi, ikiwa na rangi yake nzuri. Chini ya hapo itaharibika."

"Hata ukipewa mwaka mwingine wa kuhesabu?"

"Hata hapo."

Alitikisa kichwa taratibu. Nilitegemea huzuni, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyejibiwa. Alichagua kipande kizuri cha nyama kwenye sinia akakiweka kwenye sahani yangu. "Kula," alisema. "Umefanya kazi." Halafu kwa Hamed: "Chukua chumba." Rayya aliinuka, akakusanya sahani zilizokuwa tupu na moja ambayo haikuwa tupu, akaenda jikoni, na hakurudi.

Nimeulizwa na wanangu kama ningejibu vingine leo. Nimelifikiria kwa muda mrefu kuliko jambo lenyewe linavyostahili, na kila mara jibu langu ni lilelile, siku kumi. Lakini nilijifunza mapema, katika umri ambao wenzangu walikuwa bado wanafurahia kupata jibu sahihi, kwamba jibu sahihi linaweza kumwondoa mtu mezani.

Vyupa vilinunuliwa na mwuza asali wa kutoka milimani. Rafu ziling'olewa, ukuta ukapakwa chokaa, na namba zote za Rayya zikafunikwa. Watu wa Maskati walijibiwa. Nilikwenda mara mbili kumsalimu. Mara zote mbili Bi Zuwena alinipa chai na kuniambia Rayya amelala, na mara zote mbili tulisikia nyayo za Rayya katika chumba cha juu. Nilipopata tarehe ya kutetea kazi yangu, nilimpelekea Mzee Seif mwaliko kwa heshima, nikijua hatakuja. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba.

Ukumbi ulikuwa mdogo na wenye joto, watahini watatu nyuma ya meza. Nilieleza kazi yangu kwa Kifaransa, nikachora milango yangu miwili ubaoni, na Profesa Damasi alikuwa anatabasamu mpaka mwenzake, mzee mmoja mwenye miwani minene, alipofungua ukurasa wa majedwali. Aliuliza vipimo hivi vilifanyiwa wapi. Nikasema nyumbani kwa watu. Akauliza nani alipima. Nikasema jioni ni mimi, asubuhi ni binti wa nyumba ile. Akauliza kama namba zenyewe za kwanza zipo niwaoneshe. Nikasema zilikuwa ukutani na ukuta umepakwa chokaa. Mtu mmoja alicheka. Mzee hakucheka, alivua miwani, akasema kwamba nusu ya kazi hii imesimama juu ya mtu ambaye hatumjui, na kwamba yeye hawezi kuweka sahihi yake juu ya hewa.

"Mutu mwenyewe niko hapa."

Rayya alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, katika buibui jeusi, na Bi Zuwena pembeni yake ameshika mkoba kwa mikono miwili. Sikuwa nimewaona wakiingia. Yule mzee alivaa tena miwani, akaacha Kifaransa.

"We ndiye ulipima? Ulipima wapi kwenye punje?"

"Upana. Urefu sikupima, sababu uzi unapita katikati, unaweza kukudanganya."

"Utajuaje ni punje ileile ya jana?"

"Nilizifungia uzi wa rangi. Nyekundu juu, kijani chini."

"Kila siku?"

"Kila siku, mara tatu tatu. Zikitofautiana nilirudia. Siku mbili tu sikupima, nilikuwa na malaria. Hiyo ni wakati vyupa viko jikoni. Mukitazama mutaona pengo, Goreti hakulijaza."

Mzee aligeuza kurasa kwa kidole, akishuka safu hadi safu. Alisimama, akarudi juu, akamwonesha Profesa Damasi. Pengo lilikuwepo. "Kaa, binti," alisema. "Asante." Lakini Rayya hakukaa, na walipotutoa nje ili wazungumze, nilimkuta kwenye ngazi.

"Umekuja," nilisema.

"Sikuja kwa sababu yako. Zile namba ni zangu."

"Najua."

"Basi." Alinitazama na zile nyusi zake, nikashindwa kujua kama amekasirika. Chini, Hamed alikuwa anangoja ndani ya gari, injini inanguruma. Bi Zuwena alinishika shavu kwa kiganja kilichonuka bizari, akamfuata mpwa wake. Kabla ya mwezi kwisha Rayya alipanda ndege, na sikumwona tena.

Waliniita ndani. Walinipa alama nzuri, wakanipa mkono, na Profesa Damasi akaanza kukusanya karatasi zake. Yule mzee mwenye miwani alikuwa bado ameketi, kalamu ya wino mkononi, kazi yangu mbele yake imefunguliwa kwenye ukurasa wa kwanza.

"Yule msichana," aliniuliza, "jina lake linaandikwaje?"

Nilimtajia herufi moja moja, nikamwambia y ni mbili, naye akaliandika pale, chini ya langu.